Madini ya Gakara na Bei Isiyoonekana

Mkazi wa Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, anayekosa mafuta ya gari huambiwa kwamba nchi haina dola. Ni kweli, ila ana haki ya kuuliza mali inayotoka Burundi inauzwaje. Kusini mwa Bujumbura, huko Gakara, kuna madini adimu yanayosifiwa kwa ubora duniani, yenye neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mwaka 2015 leseni ya kuyachimba ilitolewa kwa kampuni tanzu ya Rainbow Rare Earths, kampuni mama ambayo hisa zake huuzwa London. Serikali ikapata asilimia 10 ya kampuni hiyo tanzu. Mzigo wa kwanza ulisafirishwa mwishoni mwa 2017, na mnunuzi alikuwa thyssenkrupp ya Ujerumani. Mwaka 2021 serikali ilizuia usafirishaji, kisha ikasimamisha uchimbaji wenyewe, ikilalamikia bei na kudai kwamba mkataba haukuwa wa haki. Kampuni ilitetea bei zake.

Mwananchi hawezi kuamua nani kati yao alisema kweli, na hapo ndipo ninapoona ubaya wenyewe. Mwenye asilimia 10 ya hisa hugawiwa faida inapopatikana tu, baada ya mishahara, mitambo, madeni na usafiri kulipwa. Mahesabu yakionyesha hasara, hisa yake haimletei kitu, ingawa makontena yameshaondoka. Zaidi ya hayo, madini ghafi hukatwa thamani kwa sababu bado yanahitaji kusafishwa, na kazi hiyo hufanyika mbali na Burundi. Tamaa ikiingia katika mpangilio wa namna hii haina haja ya kuvunja sheria.

Watetezi wa wawekezaji husema kwamba bila mtaji wao madini yangebaki ardhini, na kwamba serikali ikibana sana watakimbia. La mtaji nalikubali. La kukimbia limejibiwa Tanzania. Mwaka 2017 nchi hiyo ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, na kuidai kampuni ya dhahabu ya Acacia kodi ya dola bilioni 190, deni ambalo kwa kweli lilipita kiasi. Mwishowe Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi katika Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300, ikaipa serikali asilimia 16 ya migodi na ya Twiga, kampuni inayoisimamia, na mpaka leo bado inachimba dhahabu.

Wengine watauliza kama maofisa wa serikali nao hawana tamaa. Wanayo, na mkataba wa siri huwafaa wao kama unavyoifaa kampuni. Ndiyo maana kubadilisha asilimia pekee hakutoshi. Kabla mgodi wa Gakara haujafunguliwa tena, mkataba uchapishwe kwa Kirundi, madini yapimwe na maabara isiyolipwa na muuzaji wala waziri, na bei ya kila shehena itangazwe siku inapoondoka.