Miguu haitulii usiku? Chunguza sahani na kikombe chako

Umejilaza, simu umeiweka kando, lakini miguu imekataa kulala. Si maumivu hasa. Ni kama wadudu wanatambaa ndani ya vigimbi. Ukiinuka ukatembea kidogo inatulia, ukilala inaanza upya.

Daktari wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, aliieleza hali hii kwa kina mwaka wa 1945. Chanzo kimoja kinachojulikana ni upungufu wa madini ya chuma. Ubongo huyahitaji kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Wajawazito, ambao chuma huwapungukia haraka, huipata sana.

Sasa tuongee chai. Wengi wetu githeri tunaiteremsha na kikombe cha moto, si ndio? Tanini za chai hushika chuma cha maharagwe na mboga tumboni, kikapita hivyo hivyo. Subiri angalau saa moja baada ya kula. Na ile kahawa ya saa mbili usiku unaposukuma assignment? Kuna watu huwazidishia kabisa. Jaribu kuiacha wiki mbili uone. Kamulia ndengu ndimu, au kula chungwa pamoja na managu, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Mfuko ukiruhusu, maini.

Vidonge vya chuma usijinunulie tu. Kikizidi kinaharibu ini. Omba upimwe feritini, yaani akiba ya chuma, maana damu inaweza kuonekana sawa ilhali akiba imeisha. Mtajie daktari pia dawa za mafua unazomeza: baadhi ya zile za kusinzisha huichokoza miguu zaidi.