Juu ya nini majina yanashikamana kwenye fishie?

Tuseme likelemba moja ya Bukavu iko na wamama watatu: Furaha, Neema na Riziki. Kijana anaandika programu kidogo kwa lugha ya Python ili orodha yao iingie katika fishie, kila mutu na mustari wake. Anatumia amri writelines, ni kusema «andika mistari». Anafungua fishie, anakuta FurahaNeemaRiziki.

Lile jina linadanganya wengi. Amri ile ni ndugu wa readlines, yenye kusoma mistari pamoja na alama zao za kushuka, na yenyewe inazani alama ziko tayari. Inaandika tu kile inapewa. Kwa majina, jicho linaweza kutenganisha. Kwa feza ni hatari: michango ya franka 5000 na 2000 inasomeka 50002000, na hapo nani atajua nani alilipa nini?

Kushuka mustari ni alama sawa vile herufi, hata kama haionekane. Katika Python inaandikwa \n. Wengine wanatumia "\n".join(majina), lakini hiyo inaiweka katikati ya majina tu; nyuma ya Riziki hakuna kitu. Juma linalofuata, Mama Zawadi akiongezwa chini, inatokea RizikiZawadi.

Njia nyepesi ni kupita jina kwa jina:

for jina in majina:
    print(jina, file=fishie)

Hapo print inashusha mustari yenyewe kila mara, hata nyuma ya mama wa mwisho.