Shelisheli: Nchi Iliyowakabidhi Watoto Wake Ndege wa Bahari

Mombasa ukimtajia mtu shelisheli, kwanza atafikiria chungu. Ni lile tunda kubwa la kijani tunalolimenya, tukalikata mapande na kulipika kwa tui zito, au tukalichoma juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi. Jina la tunda ni jina la nchi, na wenye nchi wana msemo wao kwamba mgeni akishalionja kwao, atarudi tu. Sisi tunalila tangu utotoni, lakini nchi yenyewe wengi wetu hatuijui hata kwa kuhadithiwa.

Nayo si mbali kama tunavyodhani. Simama Kizingo, pale Mama Ngina kwenye mibuyu, uitazame bahari inakotoka jua. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kiko nyuzi nne na nusu. Chombo kikitoka mlango wa Likoni na kushika mashariki, kitakwenda kama kilomita 1,750 kabla ya kuiona milima ya Mahé. Sisi na wao ni majirani wa baraza moja, na baraza lenyewe ni bahari.

Ardhi ndogo, bahari kubwa

Shelisheli ina visiwa 115. Ukivikusanya vyote unapata ardhi ya kilomita za mraba 455 hivi, yaani kama Kaunti ya Mombasa mara mbili tu. Wakazi ni laki moja na ushei, wengi wao Mahé, ambako ndiko uliko mji mkuu wa Victoria, na waliobaki wako zaidi Praslin na La Digue. Bahari yake ndiyo inayoshangaza: kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.3, zaidi ya mara mbili ya nchi kavu yote ya Kenya.

Visiwa vya kati ni majabali ya matale yaliyofunikwa na msitu. Vya mbali ni vya matumbawe, tambarare, na vingine havina mkazi wa kudumu. Wafaransa walianza makazi mwaka 1770, Waingereza wakavimiliki rasmi mwaka 1814, na uhuru ukapatikana tarehe 29 Juni 1976. Watu huzungumza Kikrioli nyumbani na sokoni, na Kiingereza na Kifaransa hutumika shuleni na ofisini.

Damu ya watu hawa ina sehemu yetu. Kati ya mwaka 1861 na 1872 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa katika bahari hii na kuwateremsha Mahé Waafrika wapatao 2,500. Watoto wao walijengewa shule mlimani mwaka 1876, mahali palipoitwa Venn's Town. Wamisheni walioijenga ni wale wale wa Church Missionary Society (CMS) walioanzisha Frere Town, Kisauni, katika miaka hiyo hiyo. Ngoma ya mutia, ambayo watumwa wa Kiafrika waliipiga usiku kando ya moto, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021.

Waingereza waliifanya Shelisheli pia kuwa gereza la wafalme. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko mwaka 1899. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti cha Unguja kwa siku chache mwaka 1896, naye alihamishiwa huko, na hatimaye akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifia hapa Mombasa mwaka 1927.

Visiwa vya kaskazini na wenyeji wake wenye mabawa

Shelisheli ina fukwe na hoteli, na watalii wamekwisha kuzisifu vya kutosha. Mimi nataka kuwapeleka wasomaji kaskazini, kwenye visiwa ambavyo wenyeji wake wakubwa ni ndege.

Aride ni cha mwisho kaskazini katika visiwa vya matale. Kilinunuliwa mwaka 1973 na Mwingereza Christopher Cadbury ili kihifadhiwe, na leo kinatunzwa na shirika la kienyeji, Island Conservation Society. Ndege wanaozaliana pale hupita milioni moja katika kisiwa ambacho hakifikii hata kilomita moja ya mraba. Kilomita mia moja hivi kaskazini ya Mahé kiko Bird, kisiwa tambarare cha matumbawe. Msimu wa kusi buabua wenye mgongo mweusi na kifua cheupe hukifunika, na kelele zao hazinyamazi mchana wala usiku.

Buabua hawa wana maisha ya ajabu. Manyoya yao hayazuii maji vizuri, kwa hiyo wakitua baharini kwa muda mrefu hulowa. Kinda akisharuka kutoka kisiwani huishi angani juu ya bahari kwa miaka kadhaa, ndipo arudi nchi kavu kutaga. Chakula chao hutegemea jodari. Jodari wakiwafukuza dagaa kutoka chini, dagaa hupanda juu, na buabua huwaokota. Mvuvi yeyote wa Likoni au Shimoni analijua jambo hilo: akiona ndege wamekusanyika na kupiga mbizi, anageuza chombo aelekee huko. Victoria ina kiwanda cha kusindika jodari ambacho ni miongoni mwa vikubwa duniani, na ndege na mabaharia wanawafuata samaki wale wale.

Ndege hawa walikaribia kuisha. Bird kilikuwa shamba la minazi, mayai yakiokotwa kwa makasha, na kufikia mwaka 1955 jozi zilizobaki zilikadiriwa kuwa 18,000 tu. Guy Savy alikinunua mwaka 1967, uwazi ukarudishwa kwa kuondoa minazi, kwa sababu buabua huyu hutaga chini mahali peupe, na uvunaji wa mayai ukawekewa mipaka. Baadaye panya nao walitokomezwa. Jozi ziliongezeka hadi laki kadhaa. Mtafiti Chris Feare, aliyeanza kuwachunguza ndege hao mapema miaka ya 1970, amekuwa akirudi kwa miongo. Pete ndogo za miguuni na vifaa vya kufuatilia safari vimeonyesha kwamba buabua wa Bird husambaa katika sehemu kubwa ya Bahari Hindi.

Yai juu ya tawi

Kwa aliye na siku moja tu, Cousin kinatosha. Ni kisiwa cha hekta 27 hivi karibu na Praslin. Mwaka 1968 shirika ambalo leo linaitwa BirdLife International lilikinunua ili kumwokoa ndege mmoja mdogo mwimbaji wa Shelisheli, ambaye hakupatikana popote pengine na idadi yake haikuzidi thelathini. Leo ndege hao ni zaidi ya elfu tatu katika visiwa vitano, na mlezi wa Cousin ni Nature Seychelles, shirika la Washelisheli wenyewe.

Boti ya mgeni haigusi ufuo. Inasimama majini, na walinzi wa kisiwa wanakuja na boti yao, wanakupakia, kisha wanaiendesha kwa kasi mpaka inapanda mchangani. Sababu ni panya. Panya mmoja mwenye mimba akishuka kutoka katika boti ya mgeni, kazi ya miaka hamsini itaharibika. Cousin na Aride havijawahi kuingiliwa na panya, na hilo ndilo linaloeleza wingi wa ndege wake.

Ukiingia chini ya miti, inua macho. Juu ya tawi tupu lisilo na kiota wala jani moja la kutandikia, limekaa yai moja la buabua mweupe. Mzazi hutafuta kibonyeo kidogo kwenye gome, akalitaga humo na kulilalia huku pepo za kusi zikiliyumbisha tawi. Kinda akianguliwa huwa tayari ana kucha kali, na huliganda tawi hilo tangu siku ya kwanza.

Hatua chache mbele utaona mti ambao kwa Kikrioli unaitwa mapou. Buabua wadogo weusi hujenga viota vyao juu yake kwa majani yake, lakini mbegu zake zina gundi. Ndege akijaa mbegu hizo mabawani hawezi kuruka, atakufa na njaa. Mlinzi akimkuta chini anamshika taratibu, anakaa kitako, na kumwondolea mbegu moja baada ya nyingine mpaka bawa linakunjuka.

Shule isiyo na ukuta

Nchi yenye watu laki moja haiwezi kuagiza watafiti kila mwaka. Kwa hiyo Shelisheli iliamua kuwalea wake. Mwaka 1994 vilianza vilabu vya wanyamapori vya shule, vikiongozwa na walimu. Watoto hufundishwa majina ya ndege kwa lugha yao, hupanda miti, hupelekwa visiwani. Pale Roche Caiman, kandokando ya Victoria, kipande cha ardhi iliyojazwa baharini kimeachiwa kinamasi chake, na wanafunzi huja na daftari kuangalia ndege.

Kijana aliyependa kazi hiyo ana pa kwenda. Atakuwa mlinzi Cousin au Aride, au atapanda meli kwenda Aldabra kwa Seychelles Islands Foundation. Aldabra ni urithi wa dunia tangu mwaka 1982, na iko kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Mahé, kwa hiyo pwani yetu ya Afrika iko karibu nayo zaidi kuliko Victoria. Huko, katika mikoko kama ile ya Tudor hapa Mombasa, ndege weusi wakubwa wenye mkia wa panda hujenga viota, na dume hujaza hewa mfuko mwekundu kooni amwite jike. Vijana hupita kwa boti kuhesabu viota, kwani hesabu ya mwaka mmoja haisemi kitu, ila ya miaka thelathini husema kama bahari ina afya.

Jambo hili halifanyiki Shelisheli peke yake. Katika visiwa vya St. Paul na St. George, Alaska, kwenye bahari ya baridi ya Bering, watoto wa Waunangan, wenyeji wa huko, nao hufundishwa na watafiti kuwajua ndege wa majabali yao. Hali ya hewa ni tofauti kabisa, lakini wazo ni hilo hilo: anayekaa kisiwani ndiye wa kwanza kuona kinachobadilika, basi afundishwe kukiandika.

Kandambili za nani?

Mwaka 2019 vijana wa Shelisheli na wenzao wa Chuo cha Queen's, Oxford, walikaa Aldabra wiki tano wakiokota taka. Walitoa tani 25, nyingi zikiwa nyavu na kamba za uvuvi, pamoja na kandambili zisizohesabika. Aldabra haina mji wala soko. Kila kandambili ilivaliwa na mtu wa pwani nyingine, ikachukuliwa na mkondo.

Mwaka huo huo jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili, chini ya fundi Ali Skanda, lilisafiri kutoka Lamu kwenda Unguja kulisema jambo lile lile. Wale waliokota upande wao na sisi tukaonya upande wetu, juu ya maji yale yale.

Hapo ndipo habari ya nchi ya watu inapogeuka kuwa yetu. Buabua mwenye kifua chenye rangi ya waridi anayetaga Aride, jamaa zake hutaga katika visiwa vidogo vya Kiunga na katika Kisite. Wildlife Clubs of Kenya ilizaliwa mwaka 1968, miaka 26 kabla ya vilabu vya Shelisheli. Visiwa tunavyo, ndege tunao, na vilabu tulitangulia kuvianzisha. Lakini jioni pale Mama Ngina, mtoto akiwa na mfuko wake wa mihogo ya kukaanga akiuliza ndege gani yule anayepita juu ya mlango wa bahari, tunamjibu "shakwe", na ndege wote wanakuwa shakwe.

Ninaamini mtoto huyo anastahili jibu kamili. Basi moja la shule kutoka Kizingo linafika Shimoni asubuhi, na boti inafika Kisite kabla ya adhuhuri. Ndege watazamwe kutoka botini wakati wa kutaga, viota visikanyagwe, na kila mtoto aandike tarehe, upepo, na idadi aliyoiona. Mwaka wa pili wadogo zake waende na daftari lile lile, wafungue ukurasa unaofuata.