Istilahi za Kutangazia Vifo

Katika makala haya twakusudia kueleza maneno machache yatumiwayo na waandishi wa habari watangazapo kujiua na kuuawa.

Kwanza, *kujiua*. Neno hili lajulikana kwa wote, nalo latosha. *Kujinyonga* hutaja njia, na njia haifai kutangazwa. *Kujitoa mhanga* ni kufa kwa ajili ya jambo. Kulitumia hapa ni kusifu. Tena isiandikwe kwamba mtu "alifanikiwa kujiua", wala kwamba alijaribu "bila mafanikio". Mafanikio ni jambo jema, na aliyenusurika hakushindwa. Yatosha kusema: "Alijaribu kujiua, akanusurika."

Pili, *kuuawa* na *kufariki*. Watu watatu waliokufa kwa bomu kanisani Olasiti, Arusha, tarehe 5 Mei 2013, waliuawa. Wanafunzi 32 wa Arusha waliopatwa na ajali ya basi wilayani Karatu, tarehe 6 Mei 2017, walifariki. *Kuuawa* kwadokeza mtenda, *kufariki* hakumdokezi. Kuyachanganya ni kumficha mwuaji, au kumzulia asiyekuwapo.

Tatu, jina na mahali. Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, kutaja kitongoji na ukoo ni sawa na kumtaja marehemu mwenyewe, na wafiwa pia.

Haya si mapambo ya lugha. Mjini Vienna, magazeti yalipobadili namna ya kutangaza habari hizi mwaka 1987, waliojiua katika reli ya chini ya ardhi walipungua. Basi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali na wayapime maneno kabla ya kuyaandika.