Simba Wanaoteleza

Wapwa zangu wa Nkoroi, sogeeni karibu. Leo kuna swali, na swali lenyewe ni zuri mno. Mtoto mmoja ameuliza hivi: "Mjomba, ni kweli Kenya ina timu ya magongo inayocheza juu ya barafu? Na jua letu linavyowaka hivi?"

Ni kweli, mwanangu. Na hongera kwa kuuliza. Wako watu wazima wanaopita karibu na uwanja wao kila siku wakiwa ndani ya matatu, na hawajawahi kuuliza.

Timu hiyo inaitwa Kenya Ice Lions, Simba wa Barafu. Lakini leo sitaisimulia peke yangu. Yuko mwenzangu anayeijua zaidi, maana yeye hupigwa humo humo uwanjani. Anaitwa Kisahani. Haya, Kisahani, jitambulishe.

"Hamjambo, watoto! Mimi ni mpira, lakini siviringiki. Ni mweusi, bapa, mgumu. Upana wangu ni sentimita 7.6, unene wangu sentimita 2.5, na uzito wangu ni gramu 170 hivi. Kabla ya mechi kubwa hugandishwa kwanza. Nikiwa na joto narukaruka ovyo. Nikiganda natulia. Nikitulia nateleza. Nateleza, nateleza, mpaka gongo linigonge!"

"Kisahani, huumii?"

"Siumii, mwanangu. Hii ndiyo kazi yangu."

Mmesikia? Sasa nyote mnataka kujua barafu yenyewe inatoka wapi. Nawaona usoni.

Fikirini sufuria jikoni. Moto uko chini, sufuria iko juu, na joto linapanda mpaka maji yachemke. Sasa uwanja wa barafu ni kama sufuria iliyokaa juu ya jiko linalofanya kazi kinyume. Chini ya sakafu kuna mabomba mengi, na ndani ya mabomba hupita maji maji yenye baridi kali, yasiyoganda upesi. Hayo huchukua joto la sakafu na kwenda kulitupa nje. Juu ya sakafu hiyo watu humwaga maji kidogo. Yanaganda. Wanamwaga tena kidogo. Yanaganda tena. Tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu iwe nene ya kutosha kubeba watu. Mashine haizimwi. Ikizimwa, mchezo unageuka dimbwi.

"Na hiyo sufuria iko wapi, Mjomba?"

Iko Nairobi, katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Ilifunguliwa 2005, na ndiyo barafu ya kwanza ya kutelezea katika Afrika Mashariki yote. Ukitoka hapa Nkoroi unashika Barabara ya Magadi, unapita Rongai, unapita Bomas, unaingia Lang'ata, na ukifika uwanja wa Nyayo unageukia upande wa Mombasa. Safari ni ndefu kwa sababu gari linazunguka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mbuga hiyo iko katikati, baina yetu na barafu. Basi tazameni bahati yetu: kuna simba wa nyikani, na ng'ambo ya pili kuna simba wa barafuni.

Kisahani, endelea. Waambie timu ilianzaje.

"Mwanzoni watu walikuja Panari kujifurahisha tu. Anakuja mtoto na wazazi wake, anashika ukuta, anaanguka, anacheka, anarudi nyumbani. Lakini Nairobi tayari ilikuwa na vijana waliojua kuteleza. Hao hawakujifunzia kwenye barafu. Walijifunzia kwenye lami, wamevaa viatu vya magurudumu. Jumapili ungewakuta katikati ya jiji, kwenye Sunken Car Park, wakizunguka kwa kasi. Baadhi yao wakajaribu barafu. Wakaanguka. Wakainuka. Wakaanguka tena."

"Kwa nini waanguke kama walijua?"

"Swali la mtu mwenye akili! Kwa sababu gurudumu linashika lami, na kiatu cha barafuni hakina gurudumu. Kina chuma chembamba chini, chenye makali. Ukitaka kusimama, unageuza miguu upande, chuma kinakwangua barafu, na vumbi jeupe linaruka. Usipogeuza, ukuta ndio utakaokusimamisha. Wengi wao walisimamishwa na ukuta!"

Vijana hao walipata mwalimu, mzee mmoja kutoka Kanada anayeitwa Tim Colby. Yeye alikulia kwenye nchi ya barafu, na aliwafundisha wenzetu mchezo huu kwa moyo. Mwaka 2016 wakajiita Kenya Ice Lions. Hawakuwa na mishahara. Hata leo mchezo huu haumlipi mtu Kenya. Mchezaji anatoka kazini kwake, au chuoni kwake, anafika Panari, anavaa, anateleza.

Halafu kulikuwa na shida moja ambayo mimi huiwaza sana. Timu ilikuwepo, lakini ya kucheza nayo haikuwepo. Hapakuwa na timu nyingine ya barafuni Kenya nzima. Mnajua maana yake? Mnafanya mazoezi, mnavaa, mnajipanga, na upande wa pili hakuna mtu. Basi walikuwa wakijigawa wenyewe kwa wenyewe. Rafiki anamfunga rafiki, na wiki ijayo wanabadilishana. Na uwanja wenyewe ni mdogo. Uwanja kamili wa mchezo huu una urefu wa mita 60 hivi, na kila upande huwa na watu sita, kipa akiwemo. Wa Panari haufiki huko hata kidogo.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nikiulizwa mashujaa wa timu hii ni akina nani, huanza na hao waliokuja mazoezini wakijua hakuna mpinzani anayewangoja.

Sasa, watoto, shikeni viti. Inakuja safari.

Mwaka 2018 wachezaji 12 wa Ice Lions walipanda ndege hadi Toronto, Kanada. Waliowaita ni Tim Hortons, kampuni kubwa ya kahawa na donati ya huko. Mtauliza: kahawa na magongo wapi na wapi? Kisahani anajua.

"Najua sana! Tim Horton alikuwa mtu, tena mchezaji. Alikuwa beki wa Toronto Maple Leafs, mwenye nguvu kama... basi, mwenye nguvu tu! Alishinda Kombe la Stanley mara nne: 1962, 1963, 1964 na 1967. Mwaka huo wa 1964 duka lake la kwanza la donati lilifunguliwa katika mji wa Hamilton. Alifariki 1974 kwa ajali ya gari. Jina lake likabaki kwenye maduka."

"Na Kombe la Stanley ni nini?"

"Ni kombe la fedha linalogombewa na timu za kulipwa za Marekani na Kanada. Lilitolewa 1892 na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada. Ukishinda, jina lako linachongwa juu ya kombe lenyewe. Montreal Canadiens, timu iliyoanzishwa 1909, imelichukua mara 24. Na hapo Montreal ndipo mechi ya kwanza ya kupangwa ndani ya jengo ilipochezwa, tarehe 3 Machi 1875. Siku hiyo hawakutumia mpira wa kuviringika. Walitumia kipande bapa cha mbao, kisije kikaruka na kuwaumiza watazamaji. Huyo alikuwa babu yangu!"

Haya, turudi Toronto. Vijana wetu, pamoja na nahodha Benard Azegere, walipewa vifaa vipya kamili: kofia ngumu, glavu, kinga za magoti, magongo. Wakapelekwa kwenye uwanja wa ukubwa kamili. Na safari hii upande wa pili walikuwepo watu! Ilikuwa timu ya wazima moto wa huko. Mechi yao ya kwanza na timu nyingine, wanangu. Ya kwanza kabisa.

Wakiwa chumbani wanavaa, mlango ukafunguliwa. Akaingia Sidney Crosby. Nyuma yake akaingia Nathan MacKinnon. Na wote wawili wamevaa jezi ya Kenya.

"Mjomba, hao ni akina nani?"

Kisahani, jibu wewe.

"Crosby huvaa namba 87, kwa sababu alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 1987. Ni nahodha wa Pittsburgh Penguins. Kombe la Stanley amelibeba 2009, 2016 na 2017. Na 2010, kwenye Olimpiki ya Vancouver, mechi ya fainali na Marekani ilikuwa sare mpaka muda wa nyongeza. Nani akafunga? Yeye! Kanada nzima ikaruka. MacKinnon ni mdogo wake kwa miaka, anatoka mji ule ule wa Cole Harbour, na alilibeba kombe na Colorado Avalanche 2022. Nyinyi fikirieni tu magwiji wa mpira wa miguu waje Nkoroi, wavae jezi ya timu yenu ya mtaa, waseme: leo tunacheza upande wenu."

Ndivyo ilivyokuwa. Walicheza pamoja, wakipeana pasi, wakifunga, wakikumbatiana. Filamu fupi ya siku hiyo ilitoka Oktoba 2018 na ikatazamwa duniani kote. Kila nikiiona natabasamu mwanzo hadi mwisho.

Cole Harbour, alikotoka Crosby, iko jimbo la Nova Scotia. Jimbo hilo lina hadithi nyingine ambayo sitaki iwapite. Huko, kuanzia 1895, Wakanada weusi walikuwa na ligi yao wenyewe ya magongo ya barafuni, iliyoanzia Halifax. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliokimbia utumwa. Kwa hiyo mtu akikwambia mchezo huu si wa watu weusi, mjibu kwa adabu kwamba tumeucheza kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini kwenye ligi kubwa ya kulipwa, mlango ulibaki umefungwa hadi tarehe 18 Januari 1958. Siku hiyo Willie O'Ree aliichezea Boston Bruins ugenini Montreal, akawa mchezaji mweusi wa kwanza katika ligi hiyo. Kisahani, mbona umenyamaza?

"Kwa sababu mimi na Willie tuna jambo letu. Miaka michache kabla ya siku hiyo, mwenzangu mmoja aliruka na kumgonga jicho la kulia. Jicho hilo likapoteza karibu uwezo wote wa kuona. Hakuwaambia wakubwa wa timu. Angesema, wasingemruhusu kucheza. Alicheza na jicho moja, na watu wengine wakimtukana kwa rangi yake. Ilipofika 2018, wakamwingiza katika nyumba ya heshima ya magwiji wa mchezo."

Mwaka 2018. Mwaka ule ule Ice Lions walipokwenda Kanada.

"Mjomba, na waliporudi nyumbani?"

Walirudi kwenye uwanja wao mdogo. Corona ilipoingia 2020, uwanja ulifungwa, maana mikusanyiko ilikatazwa. Simba bila barafu! Lakini baadaye ulifunguliwa, nao wakarudi. Na 2024 likaja jambo kubwa: shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoundwa Paris 1908, liliikubali Kenya kuwa mwanachama. Jirani zetu wote wa Afrika Mashariki, hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani siku hiyo. Afrika Kusini imo tangu 1937, kwa hiyo safari yetu bado mbichi. Lakini sasa Kenya inatambulika. Ikialikwa kwenye mashindano, inaingia kwa mlango wa mbele.

Kuna hitaji moja ambalo mimi ningependa wakubwa walisikie. Timu ya taifa haiwezi kuishi milele kwenye uwanja mmoja mdogo wa hoteli. Tunahitaji uwanja kamili. Ni ghali kuujenga, na umeme wake ni ghali zaidi, nakubali. Lakini ile ile Panari ilipojengwa, nani aliamini itazaa timu ya taifa?

"Mjomba, mimi naweza kuwa Simba wa Barafu?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri! Unaweza. Wavulana kwa wasichana. Siku hizi watoto pia hufundishwa Panari. Kama huna njia ya kufika huko kila wiki, anza walivyoanza wao: viatu vya magurudumu, sehemu tambarare isiyopita magari, kofia ngumu kichwani, na mtu mzima wa kukutazama. Vumbi na mawe ya Nkoroi havifai, tafuta sakafu ya saruji. Ukijua kusimama kwenye magurudumu, barafu itakuangusha mara chache zaidi.

Kisahani, neno la mwisho kwa watoto?

"Nawangoja. Nateleza, nateleza, mpaka gongo lenu linigonge!"

Basi mwombeni mzazi apige simu kwanza kuuliza saa za uwanja na bei ya kukodi viatu. Mkienda, vaeni soksi nene na sweta, hata kama nje ni jua kali. Ndani humo baridi ni ya kweli.