Sponji si Sodo

Ndugu msikilizaji, leo naomba radhi mapema. Nitazungumza jambo ambalo kwa mila zetu husemwa chumbani, tena kwa sauti ya chini. Kama mko mezani na baba mkwe yupo, msizime redio. Teremsheni sauti kidogo tu, kwa kuwa ninayotaka kuyasema huenda yakamwokoa binti anayesikiliza akiwa jikoni.

Nilikuwa safarini kwenda Iringa, na basi likasimama Mtera, pale kwenye bwawa la umeme. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba basi likisimama tu, wauza perege na kambale hulizunguka. Mama mmoja aliitambua sauti yangu, na kwa kuwa alijua kwamba nilikuwa mkunga kabla ya kustaafu, alinivuta pembeni. "Shikamoo mama. Nina mgonjwa, ila ugonjwa wenyewe hausemeki."

Nikamwambia kondakta anishushie mzigo.

Mgonjwa alikuwa binti wa miaka kama ishirini anayepikia wavuvi kambini. Siku zake zilikuwa zimekwisha tangu siku tatu, lakini alikuwa akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, tumbo la chini linamuuma, na homa imeanza. Baada ya kunizungusha sana akasema ukweli. Kambini hakuna mahali pa faragha pa kufua vitambaa wala pa kuvianika, maana kila kamba ya nguo iko mbele ya macho ya wanaume. Basi alikata sponji ya godoro kuukuu, akatengeneza vipande, akaviingiza ndani. Kimoja kilitoka na kingine hakikutoka. Aliamini kwamba kimepanda tumboni na kwamba siku moja kitafika moyoni.

Nilimwuliza kwa nini hakwenda kutibiwa. Alikwenda! Alipofika dirishani, mbele ya foleni ya watu, kijana mmoja alimwuliza kwa sauti kubwa, "Unaumwa nini?" Binti akajibu, "Kichwa." Akapewa dawa ya kichwa, akarudi nayo nyumbani.

Siku ile tulimpeleka kwingine, kwa muuguzi mwanamke. Kazi ya kukitoa kipande kile haikuchukua dakika tano. Alipewa dawa za kuua vijidudu, na nimepata habari kwamba amepona. Lakini nimekuwa nikijiuliza, kama angengoja juma jingine, je, tungesema amekufa kwa sponji, au kwa aibu?

Sasa tuelezane. Kwanza, kitu kilichoingizwa ukeni hakiwezi kupotea tumboni. Njia ile ina mwisho. Mwisho wake ni mlango wa mfuko wa uzazi, na tundu la mlango huo ni dogo mno, sponji haipiti. Kwa hiyo kipande kipo pale pale, sentimeta chache tu kutoka nje. Hofu ya kufika moyoni iondoeni kabisa.

Pili, pamoja na hayo, sponji ya godoro isiingizwe kamwe. Hukatika vipande, haina uzi wa kuivutia, na matundu yake huficha vijidudu hata ukiifua vipi. Damu iliyokaa mahali pa joto ni shamba la vijidudu. Mwaka 1980 huko Marekani mamia ya wanawake waliugua ghafla wakiwa katika hedhi, na wengine wakafa. Wengi wao walikuwa wakitumia tamponi, yaani sodo za kuingiza ndani. Aina moja iliyoitwa Rely, ambayo ndani yake mlikuwa na vipande vya sponji, iliondolewa sokoni Septemba mwaka ule ule. Sumu iliyowaangusha hutengenezwa na vijidudu ambavyo wengi wetu tunavyo puani na kwenye ngozi bila kudhurika.

Wako watakaoniuliza habari za yavuyavu la baharini, ambalo wengine huliita sifongo. Kule Jambiani, Unguja, wapo akina mama wanaolilima baharini na kuliuza, na kwa kuogea ni kitu kizuri. Nchi za nje wapo wanaolitumia wakati wa hedhi pia. Lakini maabara moja ya Chuo Kikuu cha Iowa ilipoyapima ilikuta mchanga na vijidudu ndani yake, na mamlaka ya dawa ya Marekani huyahesabu kuwa ya hatari kwa kazi hiyo. Mimi sikushauri kuyatumia. Na kwa yeyote anayetumia tamponi, saa nane zisipite bila kuitoa.

Je, kama kipande kimeshakwama? Nawa mikono kwa sabuni, na kucha ziwe fupi. Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya ndoo. Vuta pumzi, legeza mwili, kisha jikamue kama mtu aliye chooni. Kitu hushuka chini kidogo. Ingiza kidole kimoja au viwili polepole, pitisha pembeni na juu kwa nyuma, na ukikipata, kibane na kukivuta taratibu kuelekea chini. Kiangalie kilichotoka, je, ni kizima au kimekatika? Usitumie kijiti, waya wala koleo. Usijimwagie maji ya dawa ndani. Na usijaribu zaidi ya mara mbili tatu, kwa kuwa hofu hubana misuli na kidole huumiza.

Ukishindwa, au kipande kikitoka nusu, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Ukiona harufu mbaya, maumivu ya tumbo la chini, au damu isiyo ya siku zake, nenda hata kama kimetoka. Lakini ukipata homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, au ngozi kuwa nyekundu kama iliyoungua na jua, usingoje kuche. Kitoe kama unaweza na ukimbilie hospitali, ukawaambie wazi kilichokuwa ndani. Hilo neno moja litawaokolea muda.

Badala ya sponji tutumie nini? Kitambaa safi cha pamba bado ni rafiki wa mwanamke. Kiloweke kwanza katika maji baridi, kifue kwa sabuni, kisha kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Kitambaa kinachokaushwa kwa kificho chini ya godoro hakikauki, na unyevu huleta maradhi. Kipo pia kikombe cha hedhi cha mpira laini. Hicho hukaa hadi saa kumi na mbili, huchemshwa, na hudumu miaka. Kukitoa, bana kitako chake kwanza ili hewa ipite, usivute mkia tu. Lakini kikombe nacho kinataka maji safi.

Pedi za dukani ni nzuri kwa mwenye uwezo. Serikali yetu iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, kisha mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Nafuu ile haikumfikia binti wa kambini.

Nimalizie kwa akina baba. Baba anayejua bei ya nyavu na bei ya betri ya redio, ajue na bei ya pedi ya binti yake. Mwenye kambi anayejenga jiko, aongeze kibanda chenye mlango, ndoo ya maji na kamba ya kuanikia. Miti michache na mkeka vinatosha. Na ninyi vijana mnaokaa madirishani kwenye zahanati zetu, mwanamke akisema "kichwa" huku ameshika tumbo, usiandike upesi. Mwite pembeni, au mwite dada muuguzi, aulizwe tena kwa sauti ya chini.