Joto la injini yenye turbo katika Nyanda za Juu Kusini

Joto la injini yenye turbo ni joto linalokusanyika chini ya boneti ya gari ambalo injini yake husukumiwa hewa na turbochaja. Kila injini hutoa joto, lakini turbo huongeza chanzo kingine: nyumba ya chuma inayopitisha moshi wa ekzosi, mara nyingi sentimita chache tu kutoka kwenye mipira, nyaya na mabomba ya plastiki. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, nchini Tanzania, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya milima mirefu na hewa nyepesi.

Chanzo cha joto

Turbo ina magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la kwanza, na la pili huvuta hewa safi, kuigandamiza na kuipeleka ndani ya injini. Ekseli hiyo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Moshi wa injini ya petroli inayofanya kazi nzito hufikia takriban °C 900. Wa dizeli huwa chini ya hapo.

Hewa nayo hupata moto kwa kugandamizwa. Ndiyo sababu magari mengi ya turbo yana interkula, yaani rejeta ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Katika baadhi ya magari ya Subaru interkula hukaa juu kabisa ya injini, chini ya tundu la kwenye boneti. Gari likienda kasi hupata upepo. Likisimama kwenye foleni hupashwa moto na injini iliyo chini yake.

Athari ya mwinuko

Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na Mbeya kwenye mita 1,700 hivi. Mbeya kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Turbo hufidia upungufu huo, na faida hii ilionekana mapema: mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi Pikes Peak, Colorado, kwenye mita zaidi ya 4,300, na kwa msaada wa turbo ikarudisha nguvu iliyokuwa imepotea.

Fidia hiyo ina gharama. Tuseme turbo inatakiwa kutoa hewa yenye kanieneo mara mbili ya ile ya pwani, hewa ya kuanzia ikiwa na °C 20. Pwani hewa hiyo hutoka ikiwa na takriban °C 110. Mbeya, ambako turbo huanza na hewa nyepesi zaidi, hutoka ikikaribia °C 140. Wakati huohuo feni na rejeta hupata hewa yenye uzito mdogo wa kubeba joto. Baridi ya Juni na Julai husaidia, lakini haifuti tofauti yote.

Maji nayo huchemka mapema. Mbeya maji ya sufuriani huchemka kwenye °C 94 hivi. Mfuniko wa rejeta huzuia hali hiyo kwa kuyabana maji: mfuniko mzima huyawezesha kufikia takriban °C 115 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichakaa, kinga hiyo hupotea, na gari ambalo pwani lilivumilia hadi °C 100 huku huchemsha mapema zaidi. Kifaa hiki cha bei ndogo husahauliwa mara nyingi wakati rejeta nzima inabadilishwa.

Mlima Kitonga

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita bonde la Ruaha Mkuu lenye joto, kisha hupanda Kitonga, katika Wilaya ya Kilolo, kuelekea Iringa. Malori hupanda kwa gia ndogo: injini hubeba mzigo wote huku upepo wa mwendo ukiwa kidogo, na kazi ya kupoza hubaki kwa feni.

Hatari nyingine huja baada ya kupanda. Mbele kuna Ilula, mji unaojulikana kwa nyanya na vitunguu, na wasafiri wengi husimama kununua. Dereva akizima injini papo hapo, oili na maji huacha kuzunguka huku turbo ikiwa bado ya moto sana. Joto huhamia kwenye beringi na oili iliyobaki huungua kuwa masizi magumu, ambayo taratibu huziba njia za oili. Kuendesha polepole kilomita ya mwisho, au kuiacha injini kwenye sailensa dakika moja au mbili, hupunguza madhara hayo.

Njia za kupunguza joto

Hatua za kwanza ni za usafi na ukamilifu: kuosha matope na nyasi kwenye rejeta na interkula, kurudisha kava ya feni iliyotolewa, na kutumia kulanti badala ya maji matupu. Kikinga joto cha bati juu ya turbo kisitupwe baada ya matengenezo. Kuzungushia ekzosi kitambaa cha kuzuia joto hupoza eneo la boneti, ingawa kitambaa hutunza unyevu na kuharakisha kutu.

Baadhi ya mafundi hutoa themostati ili "maji yapite vizuri". Asubuhi za Mafinga injini hiyo huchelewa kupata moto, hula mafuta na kuchakaa. Isitoshe, katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huchemsha zaidi.

Kunyanyua boneti upande wa kioo kwa washa pia hakusaidii gari likiwa kwenye mwendo, kwani upepo hubana mbele ya kioo na kuingia ndani badala ya kutoka.

Gari likichemsha

Injini ikiwa ya moto mfuniko wa rejeta haufunguliwi. Maji yaliyobanwa kwenye °C 110 hugeuka mvuke mara kanieneo inaposhuka, na hurukia uso na mikono. Maji ya baridi yakimiminwa ghafla yaweza kupasua silinda hedi. Husubiriwa mpaka mpira wa juu wa rejeta ulegee na uweze kushikika kwa mkono, ndipo maji huongezwa kidogo kidogo.